Wino wa Posta: Stempu, Muhuri na Ushahidi wa Barua za Kawaida

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ya wahenga yaweza kumfaa sana anayetaka kutofautisha stempu na muhuri wa posta. Stempu ni kizuri kinachojiuza. Huchorwa na msanii, hutiwa rangi za kuvutia, hupewa picha ya ndovu, ua, rais au mwanariadha, kisha hutumwa ulimwenguni kama balozi wa nchi iliyoitoa. Muhuri, kwa upande wake, ni kibaya kinachojitembeza. Ni duara la wino mweusi linalogongwa kwa haraka na karani ambaye macho yake tayari yako kwenye rundo la barua lililosalia. Aghalabu hupinda, hufifia, au huangukia uso wa rais bila kuomba radhi. Ndiyo maana wakusanyaji wengi wa stempu, hususan wale wachanga, huuona muhuri kuwa uchafu ulioiharibu stempu yao.

Mwalimu mmoja mstaafu wa mjini Nakuru ana mtazamo tofauti. Kwa zaidi ya miaka 40 amekuwa akikusanya bahasha za barua za kawaida, yaani zile ambazo hazikuandikwa kwa nia ya kuhifadhiwa: barua za karo, za salamu, za kuomba kazi, za kutangaza msiba. Katika kabati lake hamna stempu hata moja iliyobanduliwa. Bahasha zake ni nzima. Baadhi zimechanika ukingoni, nyingine zina alama za vikombe vya chai, na zote zimepangwa, si kwa picha za stempu, bali kwa majina ya ofisi za posta na tarehe zilizomo katika mihuri. Wenzake humtania kuwa ametupa ndizi akahifadhi maganda. Yeye huwajibu kwa utulivu kwamba ndizi ikishaliwa, ganda ndilo litakalokuonyesha mlaji alipitia wapi.

Utani huo una mzozo wa kweli ndani yake. Wengi waliosoma shule za msingi katika miaka ya 1970 na 1980 wanaukumbuka utaratibu wa kukusanya stempu. Mtoto alikata pembe ya bahasha, akaitia katika bakuli la maji vuguvugu, akasubiri gundi iyeyuke, kisha akaibandua stempu taratibu na kuianika kati ya kurasa za kitabu kizito. Stempu iliingia kwenye albamu. Bahasha ikaenda jikoni kuwashia moto. Katika utaratibu huo, muhuri hupasuliwa vipande viwili. Nusu husalia juu ya stempu, labda herufi tatu za jina la mji na tarakimu moja ya mwaka. Nusu ya pili huteketea pamoja na anwani ya mpokeaji, na pamoja na mihuri mingine iliyogongwa nyuma ya bahasha. Kilichobaki kinapendeza macho, ila hakiwezi tena kusema kilitoka wapi, lini, wala kilikuwa kinakwenda kwa nani.

La kustaajabisha ni kuwa muhuri ni mkubwa kwa stempu kwa umri. Stempu ya kwanza ya kubandikwa duniani, ile nyeusi ya peni moja yenye sura ya Malkia Victoria, iliuzwa nchini Uingereza kuanzia tarehe 1 Mei 1840 na kuanza kutumika rasmi tarehe 6 mwezi huo. Muhuri wenye tarehe ulikuwa umekwisha kuwapo tangu mwaka 1661, takriban karne mbili kabla. Aliyeuanzisha alikuwa Henry Bishop, mkuu wa posta wa Uingereza wakati huo. Watu walikuwa wakinung'unika kwamba barua zao zinacheleweshwa, nao wabebaji wa barua wakikana. Bishop akabuni duara dogo lililogawanywa katikati, mwezi juu na siku chini, ili kila barua ibebe ushahidi wa siku ilipopokelewa na posta. Kwa hivyo kazi ya awali ya muhuri haikuwa kuichafua stempu, kwani stempu hazikuwapo. Kazi yake ilikuwa kujibu swali moja: ni nani aliyechelewesha?

Stempu ilipokuja, iliuongezea muhuri kazi ya pili, yaani kuibatilisha stempu isitumike tena. Mwanzoni wino uliotumiwa ulikuwa mwekundu. Haukupita muda mrefu kabla ya kubainika kuwa wino huo waweza kuoshwa, na stempu ile ile ikabandikwa kwenye barua nyingine. Mwaka 1841 mambo yakageuzwa: stempu ya peni moja ikawa nyekundu, na wino wa kuibatilisha ukawa mweusi. Tangu hapo, wino wa posta umekusudiwa kuwa kitu kisichofutika kwa urahisi. Aghalabu serikali hulinda mapato yake, na katika kuyalinda huweka akiba ya ushahidi bila kukusudia.

Afrika Mashariki ni mahali pazuri mno pa kuuona ushahidi huo. Chukua mfano wa Lamu. Mnamo Novemba 1888 Wajerumani walifungua wakala wa posta katika mji huo mkongwe, wakati mataifa ya Ulaya yalipokuwa yakigombania pwani na hasa eneo la Witu. Wakala huo haukuwa na stempu zake. Ulitumia stempu za kawaida za Ujerumani, zile zile zilizouzwa Berlin na Hamburg kwa mamilioni. Baada ya mkataba wa mwaka 1890 kati ya Uingereza na Ujerumani, Wajerumani waliachilia madai yao ya Witu, na mwisho wa Machi 1891 wakala wa Lamu ukafungwa. Maisha yake yote hayakufika miaka mitatu. Leo stempu ya Kijerumani ya miaka hiyo iliyogongwa muhuri wa mji wa Ujerumani ni bidhaa ya bei ya chini. Stempu hiyo hiyo ikiwa na muhuri wa Lamu hutafutwa na wakusanyaji kwa hamu kubwa. Karatasi ni ile ile, rangi ni ile ile. Tofauti yote imo katika wino. Wadanganyifu nao wanalijua hilo. Hawajisumbui kughushi stempu ya bei rahisi. Wanachoghushi ni muhuri.

Mfano wa pili unawahusu watu wengi zaidi. Kuanzia mwaka 1935, Kenya, Uganda na Tanganyika zilitumia stempu za pamoja zilizobeba majina ya nchi zote tatu. Hata baada ya uhuru, na hata kila nchi ilipoanza kutoa baadhi ya stempu zake yenyewe, stempu za pamoja ziliendelea kutolewa, zikiwa na jina la Tanzania mahali pa Tanganyika, hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokaribia kuvunjika mwaka 1977. Mtu akiishika stempu ya aina hiyo iliyobanduliwa na kuoshwa, hawezi kujua iwapo ilibandikwa Mombasa, Mbale au Mwanza. Stempu yenyewe haina kwao. Muhuri pekee ndio huipa kabila na kijiji.

Fauka ya hayo, mihuri ni ramani ya majina yaliyozikwa. Katika kabati la yule mwalimu kuna bahasha zenye mihuri ya Fort Hall, Thomson's Falls na Broderick Falls, miji ambayo kijana wa leo anaijua kama Murang'a, Nyahururu na Webuye. Wazee wa Eldoret bado wanakumbuka kuwa mji huo uliitwa Sisibo, tamko lililotokana na nambari 64 ya shamba ambalo posta ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1910. Jina la Eldoret lilikuja mwaka 1912. Upande wa Tanzania, Lushoto iliwahi kugonga barua zake kwa jina la Wilhelmstal. Vitabu vya historia husema kwamba majina yalibadilika. Muhuri huonyesha siku ambayo karani wa kawaida, akimhudumia mteja wa kawaida, bado alikuwa akitumia jina la zamani.

Kuna pia mihuri iliyoficha mahali kwa makusudi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, askari wa Afrika Mashariki walipopelekwa Ethiopia, Madagaska na hatimaye Burma, barua zao zilipitia posta za jeshi ambazo mihuri yake ilibeba nambari badala ya jina la mji, ili adui asijue kikosi kilipo. Barua hizo zilisomwa na wakaguzi kabla ya kuruhusiwa kupita. Mama aliyepokea bahasha kama hiyo huko Kitui au Bungoma hakuweza kujua mwanawe yuko wapi. Alijua tu kuwa tarehe fulani alikuwa hai. Kwa mama huyo, tarehe ilikuwa habari yote aliyoihitaji.

Huenda msomaji akauliza: haya yote yana faida gani kwa mtu asiyekusanya stempu? Jibu laweza kupatikana katika tukio lililotokea kwa yule mwalimu mwaka 2008.

Mwanamke mmoja wa makamo alifika nyumbani kwake akiwa na kisanduku cha bati. Alikuwa ameambiwa na jirani kuwa stempu za zamani ni mali, naye alikuwa na mtoto aliyekuwa akingojewa na ada ya chuo. Mama yake, aliyekuwa amefariki mwaka uliotangulia, alikuwa ameacha bahasha 31, zote kutoka kwa mumewe, karani wa reli aliyehamishwa kutoka kituo hadi kituo katika nchi zote tatu. Ili kumrahisishia mnunuzi kazi, yule mwanamke alikuwa amekwisha kata pembe za bahasha 19 kwa mkasi na kuzitupa bahasha zenyewe. Zilizosalia alikuwa bado hajazifikia.

"Mwalimu, niambie ukweli. Zitafika elfu ishirini?" aliuliza.

"Mama, hazitafika hata elfu moja," mwalimu alimjibu. "Ni stempu za kawaida mno. Lakini ngoja kwanza nizitazame hizi ambazo hujazikata."

Miongoni mwa zile 12 kulikuwa na moja iliyovimba. Mama mtu alikuwa ameigeuza kuwa mfuko wa kuwekea risiti za karo, na ndiyo sababu mkasi haukuigusa. Mwalimu alizitoa risiti, akaishika bahasha chini ya lenzi, kisha akaigeuza. Mbele yake kulikuwa na stempu yenye majina ya nchi tatu, na juu ya stempu muhuri wa Tabora wa tarehe 14 Machi 1973. Nyuma yake kulikuwa na mihuri miwili. Mmoja ulikuwa wa tarehe 11 Aprili, wa mji ambao barua hiyo haikukusudiwa kufika kamwe. Wa pili ulikuwa wa Butere, tarehe 30 Aprili. Barua ilikuwa imepotea njia. Ilitumia siku 47 kumfikia mwenyewe.

Mwalimu alipozisoma tarehe hizo kwa sauti, yule mwanamke aliketi kimya kwa muda mrefu. Kisha akaeleza. Tarehe 9 Machi 1973 ndugu yake mchanga alifariki. Telegramu ilipelekwa Tabora siku iliyofuata. Baba hakupata ruhusa ya kuja mazishini, na kwa wiki nyingi hapakuwa na neno lolote kutoka kwake. Barua yake ilipofika mwisho wa Aprili, ilikuwa na tarehe ya Machi. Mama yake hakujua kusoma. Alisomewa na kijana wa jirani, naye alipoisikia tarehe hiyo hakuiamini hata kidogo. Alishikilia kuwa mumewe alinyamaza kwa mwezi mzima, kisha akaandika tarehe ya uongo ili ajisafishe. Baba alikana. Mama hakulegeza msimamo. Waliendelea kuishi kama mume na mke kwa jina, lakini neno la barua ile halikuwahi kuondoka baina yao, na watoto walikua wakijua kuwa baba yao ni mtu aliyenyamaza mwanawe alipokufa. Baba aliaga dunia mwaka 1991. Mama alikufa bado akisadiki hivyo.

Barua yenyewe ilikuwa imekwisha potea zamani. Hata kama ingekuwapo, isingeumaliza ubishi, kwa kuwa tarehe iliyoandikwa kwa kalamu ya mshukiwa haiwezi kumtetea mshukiwa. Kilichomtetea ni wino uliogongwa na karani wa Tabora ambaye hakumjua, hakujua ameandika nini, na hakuwa na sababu yoyote ya kumpendelea. Swali lililomfanya Henry Bishop abuni muhuri mwaka 1661 ndilo swali lililoigawanya nyumba hiyo ya Butere, na jibu lake lilikuwa limelala ndani ya kisanduku cha bati kwa miaka 35, likihifadhi risiti za karo.

Yule mwanamke hakuuza kitu siku hiyo. Alimwomba mwalimu amwandikie kwenye karatasi maelezo ya mihuri yote mitatu, ili akawaonyeshe ndugu zake. Kabla ya kuondoka, aliviinua vile vipande 19 alivyokuwa amevikata, akauliza iwapo navyo vyaweza kusomwa. Mwalimu alivipanga mezani kimoja kimoja. Kimoja kilisema "KAMP", kingine "19" bila mwaka kamili, kingine mstari wa duara tu. Vile viwili au vitatu vilivyosomeka havikuwa na mgongo wala anwani. Iwapo baba yake aliwahi kuandika barua nyingine za kujitetea, hapakuwa tena na njia ya kujua.

Tukio hili linapaswa kumgusa mwanafunzi wa Kiswahili kwa namna ya pekee, kwa kuwa barua ni mojawapo ya hazina kubwa za lugha hii. Barua za kale za waungwana wa pwani, zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu na nyingine kuchapishwa na Mjerumani C. G. Büttner mwaka 1892, huchunguzwa hadi leo kwa sababu ya msamiati na adabu za salamu zilizomo. Barua alizoziandika Shaaban Robert kwa ndugu yake Yusuf Ulenge kati ya mwaka 1931 na 1958, ambazo M. M. Mulokozi alizihariri zikatolewa kama kitabu, zinafunua maisha ya mtumishi wa serikali na msanii kuliko wasifu wowote. Hata hivyo, mtafiti anapokwenda nyanjani kutafuta barua, aghalabu huulizia karatasi iliyo ndani tu. Bahasha huiona kuwa ganda. Anasahau kuwa karatasi husema yale ambayo mwandishi alitaka yasemwe, ilhali bahasha husema yale yaliyotokea. Mwandishi aweza kusahau kutia tarehe, posta haisahau. Mwandishi aweza kusema yuko Nairobi. Muhuri ukasema yuko Gilgil.

Wakusanyaji, nao, wamekuwa wakilielewa hilo kadiri miaka inavyosonga. Wapo bado wanaopenda bahasha za siku ya kwanza, zile zinazotengenezwa kwa ajili ya sherehe ya kutolewa kwa stempu mpya, zikagongwa muhuri maalumu ulionyooka na kung'aa. Hizo ni nzuri, lakini nyingi hazikuwahi kumpelekea mtu habari yoyote. Zilizaliwa zikiwa kumbukumbu. Bahasha ya kawaida ilizaliwa ikiwa na kazi ya kufanya, na kila alama iliyo juu yake ni jasho la kazi hiyo.

Wakati wenyewe hautoi nafasi kubwa ya kusitasita. Tangu huduma ya M-Pesa ianzishwe nchini Kenya mwezi Machi 2007, pesa za matumizi hazihitaji tena kusindikizwa na barua. Salamu zimehamia kwenye simu, na maombi ya kazi kwenye intaneti. Barua chache zinazofika katika masanduku ya posta mara nyingi hutoka kwenye mashirika, nazo hupigwa chapa ya mashine badala ya kubandikwa stempu. Barua za kawaida za karne iliyopita hazitaongezeka tena. Zinaweza tu kupungua, kisanduku kimoja baada ya kingine, kila nyumba inapohama na kila mzee anapozikwa. Mchwa, moto na mkasi havichagui.

Mwalimu wa Nakuru hatoi mahubiri kuhusu jambo hili. Ana ombi moja tu kwa wanafunzi wanaomtembelea. Wakikuta bahasha kuukuu katika nyumba za nyanya zao, wasizikate, wasiziloweke, wala wasizitenganishe na barua zake. Waandike kwa penseli, kwenye karatasi ya kando, majina ya mwandishi na mpokeaji pamoja na uhusiano wao, maadamu angali yupo mtu anayewakumbuka. Kisha wageuze kila bahasha watazame mgongo wake. Mbele ndiko kuliko na picha, na kila mtu hutazama mbele. Nyuma ndiko njia ilikoandikwa.